Kipupwe cha Mafuta ya Nazi

Makambako, 6 Juni 1993

Leo ni siku ya ishirini na tisa tangu niolewe, na bado nikisikia Landrova ikikata kona ya sokoni naacha kazi nakimbilia mlangoni. Naijua kwa mlio. Yapo magari mengi Makambako siku hizi, tangu watu waruhusiwe kuleta bidhaa zao wenyewe kila aina ya gari imeingia, lakini ile ya mume wangu ningeitambua hata katikati ya mia.

Daftari hili nimelinunua kwa sababu ya jirani yangu Dafroza. Jana nilikwenda kumsimulia jinsi Seleman alivyonifunga skafu shingoni kabla hajaondoka, akaweka kikombe chini. "Bi harusi," akasema, "kila asubuhi unanihadithia mwanamume yule yule. Na mimi nina viazi vya kupeleka sokoni. Kaandike."

Basi naandika. Seleman ni mtu wa Pangani, dereva wa Mzee Bashiru mwenye duka na magari. Asubuhi hupeleka mizigo Njombe, au Igwachanya, mara moja moja Matamba, na jioni ni yangu. Ana mikono mirefu, mizuri, yenye harufu ya nazi. Mimi nimezaliwa hapa hapa, nikasoma mpaka kidato cha nne, nikapata C ya Kemia. Sikujua C ile itanifaa nini mpaka nilipompata mwanamume anayepika dizeli.

9 Juni

Leo tumepika pamoja mara ya kwanza. Najua wapo wanaopelekwa kuona bahari baada ya ndoa. Mimi sikuitamani bahari.

Mama yake hutuma mapipa ya mafuta ya nazi kutoka Pangani, yanafika kwa treni kutoka Dar. Zamani Seleman alifanya kazi kwenye kinu cha kukamua mbata, zile nazi zilizokaushwa, na fundi mmoja pale akamwonyesha namna ya kuyageuza mafuta hayo yaendeshe gari la dizeli. Unayapasha moto. Pembeni unayeyusha kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, ndani ya spiriti kali. Unachanganya, unakoroga, unaacha yatulie mpaka kesho yake. Chini inashuka shira nzito ya kahawia, juu yanabaki mafuta mepesi ya rangi ya chai ya rangi. Unayaosha kwa maji, unayakausha, unatia kwenye tangi.

"Spiriti ikipungua?" nikamwuliza, maana mwalimu wetu alipenda swali la namna hiyo.

"Yanabaki mafuta ya kukaangia samaki, Bibie. Pwani yatakwenda. Huku yataganda."

Ananiita Bibie. Nimeliandika jina hilo ndani ya jalada, mara nne.

12 Juni

Baridi. Amechelewa nusu saa.

17 Juni

Mafuta yetu yakiungua yananuka maandazi. Landrova ikipita stendi watu wanageuka kutafuta nani anakaanga. Leo nilikuwepo, nimempelekea Seleman chakula, na Mudy, dereva mwenzake, alikuwa ameegemea lori lake.

"Shemeji," akaniambia, "mwambie mumeo apite mbali. Nimefunga, na gari lake linanifuturisha."

"Wewe unafunga Juni?" Seleman akamjibu. "Ramadhani ilipita Machi, ulikuwa wapi?"

"Nalipa zile nilizokula."

Wakacheka wote, na Seleman akacheka kuliko wote. Nikimwona anacheka hivyo mbele ya watu naona kama nimeshinda kitu.

25 Juni

Wiki iliyopita mafuta yangu ya nywele, ya nazi pia, yaliganda meupe ndani ya kopo, magumu kama mshumaa. Nilichokoa kwa kijiko. Watu wa hapa tumezoea, lakini Seleman alilishika lile kopo akaligeuza juu chini. Halafu akaniambia kuanzia siku ile kila mpiko tuupime. Tunajaza chupa ya soda, tunaiweka juu ya bati usiku kucha. Asubuhi ikiwa safi, unaona kidole chako upande wa pili, mafuta ni mazuri. Ikiwa na ukungu, hayaingii kwenye gari.

Kuiteremsha chupa ni kazi yangu, kwa sababu alfajiri yeye anaswali, na tulipoanza mimi nilikuwa kwenye siku zangu. Kila asubuhi namletea, anaitazama kwenye mwanga wa mlango, ananibusu kipaji. Naipenda chupa ile kupita kiasi.

2 Julai

Safi.

3 Julai

Safi. Umande umekuwa mweupe kwenye majani ya maharage ya Dafroza.

8 Julai

Mzee Bashiru amekuja nyumbani mwenyewe, amekaa kwenye kiti chetu kimoja chenye mto. Mzee huyu hasemi sana. Dizeli imekuwa ya kugombania, wafanyabiashara wa viazi wanachota kila kilichopo, na yeye ana magari matano.

"Nimesikia habari za nazi yako," akamwambia Seleman. "Njombe umekwenda na kurudi. Njombe si neno. Nataka Matamba. Upande mlima, ulale huko, urudi, tangini mna nazi tupu, hakuna tone la dizeli. Ukirudi salama, njia ya Matamba na Njombe ni yako moja kwa moja, na nitaagiza mapipa kwa magari yote."

"Na nisiporudi salama, mzee?"

"Basi mambo ya nazi tumeyamaliza. Lori la Dar halina dereva wa pili, utapanda huko."

Dereva wa lori la Dar tunamwona hapa mara moja kwa mwezi, naye huja kufua nguo. Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia ya chai na nikashindwa kutoka. Wakati mzee anaondoka ndipo nilipotoka, chai imepoa, akainywa hivyo hivyo kwa adabu.

Seleman amefurahi. Mimi nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

9 Julai

Mara moja kwa mwezi.

13 Julai

Treni imefika na mapipa. Dumu la spiriti limepasuka njiani, limebaki chini ya nusu. Seleman amelitikisa sikioni, akakaa juu ya reli.

"Tuagize jingine," nikasema.

"Treni nyingine ni wiki ijayo. Safari ni tarehe ishirini."

"Mwombe mzee asogeze."

"Bibie, nikimwambia asogeze, ameshapata jibu lake."

16 Julai

Nimepika peke yangu, yeye yuko Njombe. Nimegawa spiriti kama mtu anayegawa dawa. Shira iliyoshuka chini ni kidogo. Nimekoroga kwa muda mrefu kuliko siku zote, nikafikiri labda kukoroga kutaziba pengo la spiriti. Mwalimu wangu wa Kemia angenicheka.

18 Julai

Baridi kali sana. Maji ya ndoo yalikuwa na ngozi ya barafu.

19 Julai

Seleman amesema chupa ya usiku wa leo ndiyo itakayoamua. Ikiwa na ukungu, atakwenda kwa Mzee Bashiru kabla ya chai na kumwambia wazi kwamba spiriti ilimwagika. Amesema kwa sauti ya kawaida tu, huku anakata kucha. Sauti ile imenitisha kuliko kama angelia.

20 Julai

Chupa ilikuwa safi. Ameondoka saa kumi na mbili asubuhi.

21 Julai

Alitakiwa kufika kabla ya magharibi. Nimepika wali wa nazi. Umepoa.

22 Julai

Niliandika uongo juzi. Hata hapa, ambapo hakuna anayesoma, niliandika uongo.

Chupa haikuwa safi. Nilipanda kigoda nikaitoa juu ya bati na ilikuwa kama uji wa mtoto, nzito, nyeupe, sikuona kidole wala kivuli cha kidole. Seleman alikuwa anatawadha nyuma ya nyumba, namsikia anamimina maji na kutetemeka meno. Nikaingia jikoni nikaichimbia kwenye majivu ya moto. Nilihesabu mpaka mia mbili. Ukungu ukayeyuka kutoka chini kwenda juu, yakawa yale mafuta ya rangi ya chai niliyoyapenda. Chupa ilikuwa ya moto, kwa hiyo nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi kidogo tu, isimshtue mkononi. Nikaifuta kwa khanga. Yote hayo niliyafanya kwa utulivu, kama mtu aliyefundishwa.

Akaishika. Akaitazama kwenye mwanga.

"Ilikuwa juu ya bati usiku kucha?"

"Usiku kucha."

"Haikuganda hata kidogo?"

"Si unaona mwenyewe."

Akanibusu kipaji. Akasema, "Mke wangu ana mkono." Akatia tangini mafuta yaliyolala jikoni karibu na moto, hayo hayakuwa na ukungu, akaenda.

Nilimpenda na nikamdanganya kwa pumzi moja. Nilitaka awe anarudi kila jioni, na kwa sababu nilitaka awe anarudi, leo ni siku ya tatu na hajarudi.

Saa tisa alasiri Mudy amekuja. Hakupiga hodi, alisimama uani na kofia yake mkononi, na Mudy hajawahi kuvua kofia.

"Shemeji, yuko hai," akaanza. "Nasema kwanza hilo."

Kwenda alikwenda vizuri. Jua lilikuwa kali, alipanda kona zote za mlima kutoka Chimala hadi juu, akashusha saruji na sukari, akapakia pareto. Alilala Matamba. Asubuhi nchi nzima ilikuwa nyeupe, na mafuta tangini yameganda. Gari lilisukumwa na watu kumi, injini ikakohoa ikafa. Alikuwa amemwahidi Mzee Bashiru kurudi kwa nazi tupu, kwa hiyo hakuomba dizeli kwa mtu. Alichukua karai la makaa akaliweka chini ya tangi ili yayeyuke.

"Mpira wa kupitishia mafuta ukayeyuka kwanza," Mudy akasema. "Mafuta yakadondokea kwenye makaa. Watu wakakimbia. Yeye akarudi, akalivuta karai kwa mikono. Kwa mikono mitupu, shemeji. Gari limeungua nyuma tu. Lakini mikono..."

Nikamwomba amalize. Akasema mikono yote miwili, mpaka hapa, akaonyesha kwenye kiwiko.

Dafroza alikuja akanikuta nimekaa kwenye majivu ya jikoni, gauni limechafuka. Alinivuta nikasimama. Akanikung'uta majivu.

24 Julai

Mudy amenifikisha hospitali ya misheni iliyo chini ya mlima. Seleman amelala chali, mikono imeinuliwa juu ya mito, imefungwa minene kama vichanga viwili. Aliponiona alitabasamu. Afadhali angenipiga.

"Umekuja na baridi yote hii," akasema.

Nilitaka kumwambia palepale. Nilifungua mdomo, na nikamwuliza kama amekula.

26 Julai

Sijamwambia.

28 Julai

Wakibadilisha bendeji natolewa nje. Nasikia. Sijamwambia.

31 Julai

Muuguzi amesema vidole vitabaki vyote, lakini vitakuwa vizito muda mrefu. Nimesujudu kwenye nyasi za uwanja wa hospitali. Sijamwambia.

4 Agosti

Tuko nyumbani. Namlisha kwa kijiko, namvisha, namkuna mgongo. Mke mwenye kuhudumia mume wake namna hii husifiwa, na majirani wananisifu. Wanaleta viazi, wanaleta kuku. Mke wa shehe amesema mimi ni mfano. Nikatoka nikaenda chooni nikajiziba mdomo kwa khanga.

Kibaya zaidi si mikono. Seleman amejihukumu. Alikuwa mtu wa kuamini kila alichopima, na sasa hajiamini hata kuvuka barabara. Jana alimwambia Mudy, "Chupa ilikuwa safi kabisa, niliishika. Kwa hiyo kosa si mafuta, kosa ni mimi. Huku mlimani kuna kitu sisi watu wa pwani hatukijui wala hatutakijua."

"Acha hayo," Mudy akamwambia. "Mlima ni mlima tu, na baridi ni baridi."

"Hapana. Nikipona narudi Pangani, nikavune nazi nizile. Hili gari sitalishika tena."

Kwa hiyo uongo wangu umemchukulia mikono, na sasa unamchukulia akili. Anatafuta kosa ndani yake ambalo halimo, kila siku, kama mtu anayepekua mifuko ya koti kutafuta ufunguo alioiba mwingine.

6 Agosti

Nimemwambia Dafroza. Alikuwa anamenya viazi, hakuacha kumenya.

"Anajua?"

"Hapana."

"Basi umemwambia nani? Mimi si mwenye mikono." Baadaye, kwa sauti ya chini: "Pole, mwanangu." Hajawahi kuniita mwanangu. Alikuwa akiniita bi harusi tu.

9 Agosti

Mzee Bashiru ametaka maelezo kwa maandishi kabla hajaamua kama Seleman bado ni dereva wake. Seleman hawezi kushika kalamu, akaniambia nishike mimi.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Akafumba macho akatunga polepole, kama anaandikia wakubwa serikalini.

"Andika. Mimi Seleman, dereva wa gari lako, nakiri kuwa mafuta niliyapima mwenyewe na niliridhika nayo. Umeandika?"

"Ndiyo."

"Kosa ni langu kwa kutojua hali ya hewa ya mlimani. Sina wa kumlaumu. Najitoa katika kazi ya udereva. Naomba radhi kwa hasara. Soma nisikie."

Kalamu yangu haikuwa imeandika hata neno moja la hayo. Ilikuwa imeandika mengine. Nikasoma:

"Mzee Bashiru, shikamoo. Anayeandika ni mimi Rukaiya, mke wa Seleman. Asubuhi ya tarehe ishirini chupa ilikuwa imeganda. Niliipasha kwenye majivu ikayeyuka, nikaipoza kwa maji, nikampa mume wangu nikamwambia ilikuwa safi usiku kucha. Aliniuliza nikamhakikishia. Angejua, angekuja kwako asubuhi ile kukwambia kuwa spiriti ilimwagika, na asingepanda mlima. Dereva wako hakukosea kupima. Alipimiwa uongo."

Niliogopa kunyanyua macho. Nilisikia kuku uani. Nilisikia treni ya mizigo inapita, behewa baada ya behewa, mpaka ikaisha.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Kwa nini?"

"Lori la Dar."

Aliinua mikono yake ile miwili iliyofungwa, akaitazama, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayelinganisha vitu viwili.

"Ningekwenda Dar," akasema, "ningerudi kila mwezi na mikono yangu."

Akageukia ukutani. Nilipodhani amelala, akasema bila kugeuka, "Hukuweka tarehe."

Nikaweka tarehe.

10 Agosti

Hanisemeshi. Amemwomba Dafroza awe anamlisha yeye. Dafroza amekuja na kijiko chake kutoka kwake.

11 Agosti

Dafroza anamlisha. Mimi nafua.

13 Agosti

Mzee Bashiru alisoma barua yangu amesimama dukani kwake, mbele ya magunia ya sukari, akaikunja mara nne.

"Umeandika mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Hakukulazimisha?"

"Yeye alitaka niandike mengine."

Akatikisa kichwa taratibu. "Dereva hana kosa la kupima. Lakini makaa chini ya tangi ni yake, hilo asilikwepe. Akipona aje, usukani upo. Nazi kwenye magari yangu, sasa basi. Njia ya Matamba nimempa Mudy. Mumeo atapanda lori la Dar."

Nilishukuru. Nilitembea hadi nyumbani nikiona kila kitu kwa uwazi wa ajabu, kwato za punda, mitumba iliyotandikwa chini. Kitu nilichokiogopa mpaka nikaunguza mume wangu kimekuja hivyo hivyo, na kimekuja na bendeji.

Nilimwambia majibu nikiwa mlangoni. Alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu Matamba mabega yake yalishuka. Midomo yake ikasema neno bila sauti. Nadhani lilikuwa "usukani." Halikuwa jina langu.

15 Agosti

Baridi imeanza kulegea. Hanisemeshi.

16 Agosti

Vivyo hivyo.

18 Agosti

Mama yake ameandika kuuliza atume mapipa mangapi. Nimemjibu asitume. Sikumwambia kwa nini, halafu nikaichana ile barua nikaandika nyingine nikamwambia kwa nini. Karatasi tatu. Mama mkwe wangu nimemwona siku moja tu, siku ya ndoa, alinipaka mafuta ya nazi miguuni kwa mikono yake.

20 Agosti

Usiku anaota, ananyanyua mikono. Nalala chini kwenye mkeka na nikimsikia naamka nakaa. Simgusi. Sijui kama ninayo ruhusa ya kumgusa. Nilidhani najua mapenzi, nilijaza nusu ya daftari hili kwa mapenzi, na kumbe kwenye mtihani wake sikuwa nimeulizwa swali hata moja.

21 Agosti

Leo ni siku ya gulio na Dafroza amekwenda na viazi vyake tangu alfajiri. Hakutuaga. Saa nne ilifika, saa tano ikafika. Nilipika uji wa ulezi nikauweka kwenye kigoda karibu na kitanda, nikakaa mbali, karibu na mlango, nimsubiri Dafroza.

Seleman alitazama bakuli. Halafu alinitazama mimi. Uso wake umekonda, ndevu zimeota vibaya, na bado ni uso mzuri kuliko wote ninaoujua.

"Nina njaa," akasema.

Nilisogea nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikachota kijiko, kikajaa mno, nikakirudisha, nikachota tena. Alikitazama kijiko kikija na hakufungua mdomo.

"Ni wa moto?"

Njaa ilikuwa inaonekana shingoni kwake, anavyomeza mate. Mvuke ulikuwa kidogo sana, angeweza asiuone. Siku kumi na mbili nilikuwa nimeomba nifike hapa nilipo, umbali wa kijiko kimoja kutoka mdomoni kwake, na niliogopa kwamba nikikirudisha chini atageukia ukutani tena.

Nikaonja. Ukaniunguza ulimi.

"Wa moto bado," nikasema. "Tungoje."

Hakugeuka. Akalaza kichwa kwenye mto, macho yake kwangu, na mimi nikashika bakuli kwa mikono miwili nikalipuliza. Tukangoja.